Kukodisha na kuuza seti, propsi na nguo za maigizo zilizotumika: ninavyofanya hapa Mwanza

Kuna Pasaka moja nilikuta wamama wanavunja ngao za askari wa Kirumi nyuma ya jiko la kanisa, wanawashia moto wa pilau. Igizo la mateso lilichezwa Ijumaa Kuu, watu walilia mpaka basi, na zile ngao fundi alikuwa amezikata kwa plaiwudi akazipiga rangi nyekundu na dhahabu, kazi ya mkono ya wiki nzima, alafu siku mbili tu zimekuwa kuni. Zilikuwa kumi na mbili, nikawahi tisa. Nikatoa elfu kumi ya mkaa wakafurahi, nikapanda bajaji na ngao zangu. Mwaka uliofuata kigango kingine wakazikodi, kisha sekondari moja wakazitaka kwa igizo la mahafali, kisha vijana wa filamu, na daftari langu linaonyesha zile ngao zimeshatoka mara kumi na nne.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye chumba kimoja cha stoo na mtaji mdogo, maana huku kwetu kwaya zipo, shule zipo, vikundi vya ngoma na vya maigizo ya uhamasishaji vipo karibu kila kata, na wengi wao wanatengeneza vitu upya kila mwaka alafu wanavitupa. Tuelewane maneno kwanza. Nguo za igizo wasomi wanaziita maleba, na mimi nitasema maleba maana ni fupi. Vitu vya kushika na kutumia jukwaani ni propsi. Kuta, milango, mapazia ya nyuma, hiyo ndiyo seti.

Mzigo unapatikana wapi

Mzigo mzuri unapatikana siku igizo linaisha, siyo wiki moja baadaye. Usiku ule kiongozi wa kikundi amechoka, mwenye ukumbi anataka funguo zake, hakuna gari ya kubebea na hakuna mtu ana pa kuweka ukuta wa futi nane nyumbani kwake. Ukiwa pale na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na hela kidogo mkononi unapewa kwa bei ya kuondoa uchafu. Kwahiyo kalenda yako ndiyo mtaji wako wa kwanza: Pasaka na Krismasi kwa makanisa, tarehe 16 Juni Siku ya Mtoto wa Afrika, Nane Nane pale Nyamhongolo ambako mabanda yanavunjwa yote kwa mpigo, mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne kuanzia mwezi wa tisa, Siku ya UKIMWI tarehe 1 Desemba. Hizo siku wewe usiwe mtazamaji tu, kaa karibu na mlango wa nyuma.

Miradi ya mashirika ikiisha nayo inaacha vitu vingi sana, ila huko utatakiwa kuandika barua na kusubiri taratibu zao, usichukue kitu kwa dereva au mlinzi kimyakimya hata akikwambia hakuna shida. Wapambaji wa maharusi wanabadilisha mitindo kila msimu, wana nguzo, vitambaa, viti vya kifalme, maua, na wanauza bila kubembelezwa sana. Alafu mitumba. Pale soko la Mlango Mmoja watu wanakimbilia majinzi na viatu, mimi nasubiri balo la mapazia. Pazia zito la mahameli lililotoka Ulaya, refu mpaka chini, ndilo joho la mfalme, ndilo vazi la Herode, na kitambaa kama hicho ukikitafuta kipya dukani utatoa hela ambayo kwa kukodisha hutaiona haraka.

Kukagua nguo, usiangalie mbele. Igeuze ndani nje. Angalia kwapa kwanza, jasho la jukwaani linakula kitambaa kikawa kigumu kama karatasi, ukikivuta kinachanika na hakuna kushona kutakakokisaidia. Alafu angalia mshono una akiba kiasi gani, yaani kile kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Nguo ya dukani ina akiba ndogo sana, ila nguo iliyoshonwa na fundi anayejua maleba ina inchi nzima au zaidi kila upande kwa sababu anajua leo itavaliwa na mtu mwembamba, kesho na mtu wa mwili. Nguo yenye akiba hata ikiwa imechakaa kidogo ichukue. Isiyo na akiba, hata iwe nzuri vipi, itawatosha watu wachache tu. Na zile zinazofungwa mgongoni kwa kamba zinazopita kwenye matundu ni bora mara mia kuliko za zipu, kamba unaikaza au unailegeza, zipu ikikataa dakika tano kabla ya onyesho mteja anakupigia wewe.

Plaiwudi igonge kwa kidole. Ikilia bubu, au kingo zimefunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa, iache. Ukiona vijia vya udongo kwenye mbao hao ni mchwa, na huo mzigo usiingie stoo kwako hata bure.

Vitu ambavyo huvigusi

Hapa naomba usome taratibu maana ni sehemu inayoweza kukufikisha pabaya.

Sare za jeshi na polisi, hapana. Watu wanaziulizia sana kwa ajili ya filamu na maigizo, wanaona ni nguo tu. Mwezi wa nane 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya jeshi pamoja na yale yanayofanana nayo, kwahiyo hata ile kombati ya mitumba yenye madoadoa inaingia. Mimi askari wangu wanavaa shati la maruni, kola nyeusi, mkanda mpana na nyota ya kitambaa begani, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kuuliza huyu ni nani, akiingia jukwaani kwa hatua za askari watu wanaelewa. Kikundi kikisema lazima iwe sare yenyewe, waende wenyewe kuomba kibali kwa wahusika, isipite kwako.

La pili ni ngozi na manyoya ya wanyamapori. Huku Usukumani ngoma zetu zina mapambo ya asili, na utakutana na mzee anataka kukuuzia ngozi ya chui au ya mbega, au ya chatu, aliyoachiwa na baba yake. Kuna mzee wa upande wa Kisesa alinipokea vizuri sana, akanitolea sandukuni ngozi ya chui iliyokunjwa kwa adabu, na ilikuwa nzuri kweli. Nikamwambia shikamoo babu, nashukuru kwa kuniamini, ila hii siwezi kuibeba. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hivyo vinahesabika nyara za Serikali, kukutwa navyo bila kibali ni kosa, na "ni ya urithi" haikuokoi wewe uliyeinunua na kuitembeza kwenye kirikuu.

Mbadala upo na ni mzuri. Tafuta ngozi ya mbuzi yenye rangi ya kahawia mpauko, iliyokaushwa ikalainishwa. Chukua piko nyeusi na kipande cha sponji. Sasa, wengi wanakosea hapa, wanaweka nukta nukta nyeusi na matokeo yake ni ng'ombe wa ajabu. Alama ya chui siyo nukta, ni kiduara kilichokatikakatika, kama petali tatu nne zimezunguka kitu, na katikati yake rangi inakolea kidogo kuliko nje. Kwahiyo anza kwa kugusa hina ya kahawia sehemu ya katikati, iache ikauke, alafu zungushia piko kwa miguso mitatu minne bila kufunga duara. Mgongoni viduara vikubwa, kuelekea miguuni na shingoni nukta ndogondogo tu. Ukimaliza simama hatua kumi nyuma uangalie, maana jukwaani hakuna anayeiona kwa karibu. Manyoya tumia ya jogoo. Na kabla hujashona chochote cha ngoma za Kisukuma nenda Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho, uangalie na kuuliza, Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vyenye historia yao ya kushindana, na ukichanganya vitu vyao kwenye boksi moja wazee watakuona ulivyo mgeni wa hayo mambo.

Silaha za kweli zisikae stoo kwako. Panga likatwe kwenye plaiwudi, lipigwe msasa kingo zote ziwe butu, alafu rangi ya silva. Mkuki kichwa chake kiwe cha mpira au sponji ngumu. Bunduki za bandia mimi nimeacha kabisa, vijana waliwahi kutoka nazo barabarani kupiga picha jioni, wapita njia wakakimbia, na ilichukua usiku mzima kueleza kwamba ni mbao.

Vipodozi havikodishwi. Mawigi naruhusu kwa mtu atakayevaa kofia ya soksi ndani, na yakirudi yanaoshwa kwa shampuu kabla hayajagusana na mengine.

Kusafisha na kutunza

Mzigo mpya usilale na mzigo wa zamani. Mimi nina kona nje chini ya bati, kila kitu kinakaa huko siku tatu kinapigwa jua na upepo, nguo zikiwa zimegeuzwa ndani nje ili rangi isipauke. Za kufulika zinafuliwa. Zisizofulika, kama mahameli lenye mapambo ya gundi, chukua chupa ya kupulizia, weka spiriti na maji nusu kwa nusu, pulizia kwa ndani hasa kwapa na kola, tundika kwenye upepo. Harufu inaondoka. Majumba ya maigizo ya Uingereza na Marekani wanafanya hivyohivyo kwa vodka ya bei rahisi, na ni mbinu ya siku nyingi. Ila jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, kuna rangi zinayeyuka na spiriti.

Damu ya igizo ni adui. Wakitumia rangi ya chakula au choya, loweka kwenye maji baridi haraka iwezekanavyo, usiweke maji moto hata kidogo maana moto unaikamatisha. Nta ya mishumaa ndiyo ninayoipata kila Krismasi: joho linarudi na madoa magumu meupe kifuani. Usikwangue. Weka karatasi ya kaki juu na chini ya doa, pitisha pasi ya moto mdogo taratibu, utaona karatasi inalowa mafuta nta inapohamia, badilisha karatasi, rudia mpaka isilowe tena. Nilikaa nusu saa kwenye joho moja la mamajusi na lilitoka safi kabisa, nilifurahi kama nimelishona mimi.

Sasa stoo. Watu wengi Mwanza tunaishi mlimani katikati ya mawe, na chumba cha huko juu ni cha bei nafuu, lakini usikichukue. Ukuta wa futi nane haupandi ngazi za mawe, na vijana wa kubeba watakulamba hela yote ya faida. Tafuta chumba chini, kirikuu ifike mlangoni. Weka mapaleti sakafuni, kila kitu kiachane na ukuta kiasi cha mkono kupita, maana kipindi cha masika ukungu unaanzia pale kitambaa kinapogusa ukuta. Nguo usifungie kwenye nailoni, zinatoa jasho, tumia shuka la zamani au mfuko wa salfeti unaopitisha hewa. Na ukipaka rangi seti usifanye jioni na taa ikiwa inawaka nje, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi watanasa kwenye rangi mbichi, asubuhi utakuta ukuta una manyoya.

Seti, hasa kuta

Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Wanajenga ukuta kwa shiti nzima ya plaiwudi, futi nne kwa nane, mzito, unabebwa na watu wawili, alafu bodi la kirikuu lina futi sita na kitu tu, kwahiyo ukuta unatokeza nyuma, barabarani unapigapiga, ukifika kona zimevunjika.

Mimi nikinunua kuta za namna hiyo nazikata na kuzigeuza. Fremu ya mbao mbili kwa mbili, upana futi nne, urefu futi sita, na kipande cha futi mbili kinachokaa juu kwa bawaba. Badala ya plaiwudi navalisha merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho bibi zetu walikijua kwa jina hilo kwa sababu kilikuwa kinatoka Marekani kupitia Zanzibar. Mpaka leo mafundi wa jukwaa huko nje wanavalisha kuta zao pamba ya aina hiyohiyo. Kishike kwa stepla kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona, na usikivute sana, kiache kilegee kidogo. Alafu zimua gundi nyeupe kwa maji, paka kote. Kikikauka kinajikaza chenyewe kama ngozi ya ngoma. Ukiwa ulikivuta sana mwanzoni kitapindisha fremu, na fremu ikishapinda haikai wima tena. Ukuta wa hivyo mtu mmoja anaubeba kwa mkono mmoja, na ukitaka kuubadilisha kutoka nyumba ya udongo kuwa jumba la kifalme ni rangi ya maji tu. Rangi zikiwa nyingi kitaanza kupasuka na kuwa kizito, hapo vua kitambaa, weka kipya, fremu ni ileile.

Kuunganisha kuta usipige misumari. Tumia bawaba ambazo pini yake inachomoka, nusu kwenye ukuta huu nusu kwenye ule, unaziweka zikutane unashusha pini. Wanafunzi wa kidato cha pili wanasimamisha nyumba ya kuta sita kwa dakika kumi. Bawaba zote zipimwe kwa kipimo kimoja, ili ukuta wowote uungane na wowote. Na uwaambie wenye igizo mishumaa ya kweli na vibatari vikae mbali na kitambaa, bora taa za betri.

Kipi cha kukodisha, kipi cha kuuza

Swali hili ndilo nililolipia ada kubwa. Mwanzoni nilikuwa nakodisha kila kitu na kushindwa kuachana na chochote, stoo ikajaa.

Kila kitu kwangu kina namba, na kila namba ina mstari kwenye daftari: kilitoka lini, kwa nani, kwa shilingi ngapi, kilirudi na kasoro gani, ukarabati shilingi ngapi. Basi. Kitu ambacho kimepita Pasaka mbili bila kutoka, kiuze. Kitu ambacho kwenye safari tatu za mwisho kufua na kushona kumekula zaidi ya nusu ya kodi iliyoingia, kiuze, na mwambie mnunuzi ukweli wake. Kitu kinachotoka kila msimu, usikiuze hata ukiongezwa hela, maana huyo ndiye ng'ombe wa maziwa. Kwangu majoho ya mahafali ndiyo yanalipa kodi ya chumba, maleba ya kifalme na ya Biblia yanaleta faida, kuta nauza zaidi kuliko kukodisha, na propsi ndogo sikodishi moja moja.

Propsi nazifunga kwa mafungu ya maisha. Boksi la nyumba ya kijijini: chungu, kinu na mchi, ungo, kibatari kisichowashwa, mkeka, kiti cha kamba. Boksi la ofisi: simu ya zamani ya mezani, mihuri ya bandia, mafaili, kalenda. Boksi la mwalo: nyavu zilizochakaa, kasia, kapu la samaki, sangara wa sponji niliowapaka rangi. Mwalimu hataki kukodi kinu, anataka nyumba ya bibi, mpe nyumba ya bibi kwa bei moja.

Bei mimi naipiga hivi: gharama ya kukitengeneza upya leo, chukua asilimia kumi mpaka ishirini, hiyo ni kodi ya onyesho moja lisilozidi wiki. Joho la mfalme ambalo kulishona leo ni elfu themanini nalikodisha elfu kumi na mbili. Safari ya saba hela ya kushona imerudi, ukitoa kufua tuseme ya tisa. Dipoziti ni nusu ya thamani, yaani elfu arobaini, na inarudishwa papo hapo kitu kikirudi salama, usianze kuzungusha watu na dipoziti zao. Kwa shule za serikali dipoziti huwa ngumu, hapo nakubali barua ya mkuu wa shule yenye mhuri na namba ya mwalimu mhusika, na mpaka leo walimu hawajaniangusha. Kikundi cha mtaani kisicho na hela ila kina igizo zuri nawapunguzia, ila nawapa vile vitu vya daraja la pili, na dipoziti lazima iwepo hata kama ni ndogo.

Karatasi ya makubaliano iwe ya ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida: namba za vitu, hali ya kila kimoja, siku ya kurudi, faini ya kuchelewa kwa siku, na yale wasiyoruhusiwa. Wasikate. Wasibandike gundi. Wasiandike kwa maka peni. Nguo ikiwa ndefu wapinde kwa mishono mirefu ya kushikiza tu, itakayofumuka kwa kuvuta uzi mmoja. Wasiichakaze, na hili liandike kabisa, kuna mwongozaji alilichovya gauni langu kwenye majani ya chai na kulisugua na msasa ili lionekane la maskini. Lilionekana la maskini kweli, na kuanzia siku hiyo likabaki la maskini. Kila mchezaji avae fulana yake ndani, na kwapani mimi nimeshona vipande vya pamba vinavyotoka kwa vifungo vya kubana, vikirudi nafua vile tu.

TIN na leseni ya biashara ya halmashauri vitafute mapema, shule na mashirika watakuomba risiti na bila hiyo kazi kubwa zinakupita. Na mteja ajue kukodi maleba siyo kupewa haki ya tamthilia, kama wanacheza kazi ya mwandishi wakaulize ruhusa yake, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo.

Kwenda na kurudi

Namba ishonwe kwa uzi ndani ya kola, usiandike kwa kalamu. Niliwahi kutoa majoho thelathini, yakarudi thelathini, nikahesabu nikaridhika. Siku ya kufua nikaona mawili siyo yangu, kitambaa chepesi, mshono wa haraka, yamebadilishwa na ya mtu mwingine huko huko, na sikuwa na alama yoyote ya kudai. Nililia kidogo. Wiki hiyo hiyo nilinunua uzi mwekundu na nikashona namba kwenye kila kitu ndani ya stoo.

Hesabia kwao, siyo kwako. Mzigo ukishafika stoo na pungufu, kila mtu atasema vilikuwa vyote. Na usiku wa onyesho ni vurugu, kwahiyo nimetengeneza kitu kimoja kinachonisaidia sana. Nikipeleka boksi la propsi napeleka na karatasi kubwa ya kaki, imechorwa umbo la kila kitu kwa kalamu nene: hapa umbo la kibatari, hapa la panga, hapa la simu, kila umbo na namba yake. Inatandikwa mezani nyuma ya pazia. Mchezaji anachukua kitu kutoka kwenye umbo lake, akitoka jukwaani anakirudisha pale pale. Kabla onyesho halijaanza mtu mmoja anapita na tochi, umbo likiwa wazi kitu hakipo, kitafutwe sasa siyo katikati ya igizo. Onyesho likiisha, na mimi napita na tochi yangu.

"Mama, vyote vipo," aliniambia mwalimu mmoja pale Buhongwa, bado anavuja jasho la kuongoza watoto.

"Mwalimu, na mchi?"

Tukaangalia karatasi, umbo la mchi wazi. Tulikuta mtoto ameuegemea usingizini chini ya jukwaa.

Ukiuza

Kuuza kunataka uaminifu kuliko kukodisha maana hutamwona tena mteja kabla hajakusema kwa wenzake. Piga picha mchana nje, siyo stoo kwenye taa. Picha ya mbele, ya nyuma, na ya karibu ya kasoro yenyewe, shimo la nondo lionekane, zipu iliyobadilishwa ionekane. Andika vipimo kwa sentimita, kifua, kiuno, urefu wa bega mpaka pindo, usiandike "saizi ya kawaida". Ukuta andika upana, urefu, na kama unaingia kwenye kirikuu, hilo ni swali la kwanza watakalouliza. Nembo za mashirika zifute au zipakie rangi kabla hujauza, isije seti yenye nembo ya mtu ikaonekana kwenye kitu ambacho mwenyewe hakijui.

Uza kwa mafungu. Ngao moja haina mnunuzi, ngao tatu na mikuki mitatu na kofia tatu ni askari kamili wa Pilato, na hivyo ndivyo tatu kati ya zile zangu tisa zilivyoondoka. Muda mzuri ni kabla ya Kwaresima na mwezi wa nane kuelekea mahafali, bei inashika. Januari usijisumbue, wazazi wana ada.

Mnunuzi akiwa Ukerewe mzigo unapanda meli ya kwenda Nansio, kwahiyo kona za fremu zifunge kwa vipande vya mablanketi na kamba ya mpira, pini za bawaba zote zitie kwenye mfuko mmoja mdogo uufunge ndani ya ukuta wa kwanza, na andika kwa rangi kubwa kwenye kila kipande: 1 kati ya 6, 2 kati ya 6. Mpigie atakayepokea umtajie idadi kabla meli haijatoka, na umwambie pini ziko wapi, maana ukuta ukifika bila pini atasimamisha kwa misumari.